Bei ya Siku ya Sabina

Kabula, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia leo. Umetoka alfajiri kwenda kusuka nywele Kalangalala, Geita mjini, bila hata kugonga mlango wangu, lakini mimi naitikia kabisa ili tusidaiane salamu. Saa hizi ni saa nane mchana. Umesema utarudi jioni, na jioni yako naijua, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimemwambia mama yako kwamba kichwa kinaniuma nisisumbuliwe. Hakiniumi.

Barua hii nitaichomeka kwenye mkoba wako, katikati ya zile karatasi mbili za kazi. Usiisome hapa Katoro. Isome kesho basi likishaipita Shinyanga, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kubishana na mimi. Mwandiko ni huu huu, nilisoma mpaka darasa la nne tu, na mwalimu wetu alikuwa anatupeleka shambani kwake kuliko darasani. Ukishindwa kusoma neno, soma la mbele yake, utaelewa.

Sitakuandikia mambo ya sweta, wala ya kusali, wala ya wanaume. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wameyashika. Mimi nina jambo moja, na jambo lenyewe ni kwamba nilikushauri vibaya.

Unakumbuka ile siku jikoni. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unachambua michembe ya viazi vitamu, ukaniuliza, "Bibi, ingekuwa wewe ungechukua ipi?" Mimi sikukupa hata nafasi ya kufunga mdomo. Nikasema, "Usimamizi." Ukasema, "Hata hujasikia vizuri." Nikasema, "Nimesikia. Moja unakwenda kusimamia watu, nyingine unakwenda kusimamiwa. Hapo kuna swali?" Nikakuambia tena kwamba mjukuu wangu hawezi kusomea upishi miaka miwili halafu akawe mtu wa mwisho jikoni kwa watu, anawamenyea viazi wazee wa Denmark. Ukarudi kwenye michembe yako. Wewe ukinyamaza mimi huwa nafikiri nimeshinda.

Kesho yake nikatangaza kwenye jumuiya. Sala zilikuwa hazijaisha vizuri, nikawaambia kwamba Kabula anakwenda Ghuba, Uarabuni, hoteli kubwa, atakuwa na wanawake ishirini wa usafi chini yake. Nililisema hilo neno "chini yake" mara mbili. Mama Shija akasema, "Hongera, Mama Masanja, sasa tutakuona na miwani ya jua." Nikaringa. Nimeringa wiki mbili nzima, Kabula. Nilikuwa napita sokoni taratibu ili watu wapate muda wa kuniuliza.

Halafu Jumapili iliyopita ukanimwagia maharage.

Sijui kama unajua ulichonifanyia. Tulikuwa tumetoka misa, wewe umetandika mkeka, ukachukua maharage niliyokuwa nayachagua, ukasema, "Bibi, nikuonyeshe kitu tulichofundishwa chuoni." Ukayapanga mstari mrefu, madogo mwanzo, makubwa mwisho. Ukasema, hawa ndio watu wote wa nchi moja wanaofanya kazi ya kulipwa, kuanzia anayepata kidogo kabisa mpaka anayepata kingi. Ukahesabu ukashika lile la katikati kabisa. Ukasema, "Chukua anachopata huyu, ukigawe mafungu matatu, ondoa moja. Kila anayepata chini ya hayo mawili yaliyobaki, huyo wanamwita mtu wa ujira mdogo." Ukaweka njiti ya kibiriti hapo. Ukasema nchi hazifanani: kuna nchi ukiweka njiti, nyuma yake wanabaki wachache, na kuna nchi nyuma ya njiti unakuta umati.

Mimi nikafikiri ni mambo ya utajiri. Nikasema, "Basi nchi tajiri nyuma hakuna mtu." Ukacheka, ukasema, "Hapana, Bibi, na hapo ndipo watu wanapokosea. Zipo nchi tajiri za Ulaya na Amerika ambako nyuma ya njiti wamejaa, na zipo nyingine tajiri vile vile ambako ni wachache." Nikakuuliza kinachozitofautisha. Ukasema mambo ni mengi, lakini moja kubwa ni kwamba kwenye zile za wachache, wafanyakazi wanakaa mezani na wenye kazi, wanakubaliana bei ya kazi kabla, na bei hiyo inamshika mwenye kazi hata akiwa amenuna. Kule kwenye umati kila mtu anakwenda peke yake mlangoni kwa bosi, anapewa kile bosi alichoamka nacho.

Nikakuuliza tena, na swali hili najivunia, maana ulikuna kichwa: "Na sisi hapa je, ambapo huyo wa katikati mwenyewe anaomba chumvi kwa jirani?" Ukasema, "Bibi, hapo umeshika. Kipimo hiki hakikuambii kama nchi ni maskini. Kinakuambia tu wa chini wameachwa mbali kiasi gani na mwenzao wa katikati." Basi nikakuambia kipimo chako kina tundu, na wewe ukasema ndiyo, kina tundu. Tukayarudisha maharage kwenye sufuria. Wewe ukaenda kupiga pasi. Mimi nikabaki nimekaa pale mkekani, na usingizi wa mchana siku hiyo sikuupata.

Nilianza kumkumbuka yule mwalimu wa visima, Andasi, Mdenmark aliyepanga chumba chetu cha uani wakati anafundisha vijana kuchimba visima upande wa Bukombe. Wewe ulikuwa mdogo lakini nadhani unamkumbuka, maana ndiye huyo huyo aliyekutafutia hii kazi ya jiko la wazee. Yule mtu alikuwa anafua nguo zake mwenyewe. Mwalimu, mtu mzima, ana ndevu, anakaa na beseni pale nje anasugua soksi, halafu anaanika chupi zake kwenye kamba yangu mbele ya wapita njia! Mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, mwachie msichana wa kazi, ndiyo kazi yake."

Akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha kuokota, "Yeye anapata ngapi mwezi?"

Nikasema, "Anakula hapa hapa, analala hapa hapa."

Akasema, "Mimi siuliza anakula wapi."

Nikaona mtu mkorofi. Babu yako, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakohoa. Andasi akatueleza kwamba kwao mwalimu kama yeye hawezi kuweka msichana wa kazi ndani, hana uwezo huo, kwa sababu mtu wa kufagia naye ana bei, na bei yake haiko mbali sana na ya mwalimu. Kabula, nilimhurumia! Nilimwambia babu yako usiku ule, "Maskini, kumbe wametuletea mtu wa hali ya chini, hana hata wa kumfulia." Tukawa tunampelekea ugali na mboga ya nsansa, tukijua tunamsaidia mhitaji.

Sasa ndiyo nimeelewa, baada ya miaka yote hiyo, kwa maharage. Kwao alikuwa anajifulia kwa sababu nyuma ya njiti hawakuwepo watu wa kutosha wa kumfulia kila mwalimu. Mimi hapa Katoro, mwanamke wa darasa la nne, nilikuwa na wa kunifulia, wa kunipikia na wa kunichotea maji, na wala sikuwa tajiri. Nilikuwa nimezungukwa tu na watu wenye shida kuliko mimi. Kwa hiyo ukifika nchi ya watu na hujui kusoma takwimu zao, angalia nani anajifulia. Ukikuta kila mtu wa katikati hivi ana mtu wa kumfungulia mlango na mwingine wa kumbebea mfuko, ujue huo mstari nyuma umejaa. Wewe mwenyewe umeniambia rafiki yako aliye kule Ghuba anasema hata karani ana msichana wa kazi. Sisemi watu wa kule ni wabaya. Mimi si mtu mbaya, na nimeyafanya.

Sasa nifike kwa Sabina, maana nimemzunguka vya kutosha.

Wewe umemsikia Sabina kama jina tu. Mama yako akimtaja mimi huwa naondoka. Sabina na mimi tulianza wote Nyarugusu, wakati babu yako anashuka kwenye maduara ya watu, mashimo yale ya dhahabu, na mimi naponda mawe. Tulikuwa tunakaa chini ya turubai moja, miguu tumeinyoosha, kila mtu na nyundo yake na jiwe lake la kupondea, vumbi mpaka kwenye kope. Yeye alikuwa ametokea Ushirombo, mdogo kwangu kama miaka mitano, ulimi wake mkali kuliko nyundo. Wanaume wakitoa mawe shimoni, siku ya mgao mwenye duara anapanga viroba: hivi vya mwenye shamba, hivi vyangu, hivi vya wachimbaji. Kila kiroba kina mwenyewe. Sisi wanawake tuliokuwa tunaponda hatukuitwa kwenye mgao. Tulisubiri mpaka wamemaliza kugombana, halafu tunaitwa, tunapewa kifuta jasho.

Hilo ndilo lilikuwa jina lake, na bado ndilo jina lake. Leo kingi, kesho kidogo, kesho kutwa "mawe hayakusema kitu, mama zangu, mtuvumilie." Sabina alikuwa akipokea anasema, mwenye duara anasikia, "Jasho nimeshalifuta kwa kanga yangu mwenyewe. Wewe nilipe kazi." Tulikuwa tunacheka mpaka nyundo zinatuponyoka. Mwenye duara naye alikuwa anacheka. Lakini halipi.

Halafu Mungu akamkumbuka babu yako. Duara lile la mwisho lilimpa, tukanunua karasha, ikawa sasa mawe yanasagwa kwa mashine, tukajenga hapa Katoro. Mtu wa kwanza niliyemwita kazini alikuwa Sabina. Nilimwambia, "Mdogo wangu, taabu imekwisha, njoo ukae na mimi." Akaja kwa furaha. Alikuwa anachambua mawe kabla hayajaingia kwenye mashine, anachekecha, anaangalia wanawake wengine. Mimi nikawa msimamizi. Nilikuwa na kiti changu cha plastiki, chekundu, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Na nikamlipa kifuta jasho.

Sikuona ubaya, Kabula, na hapo ndipo nataka unielewe. Sikuwa namnyonya huku najua. Nilikuwa namwita mdogo wangu, tunakula sahani moja. Krismasi kanga, Pasaka sukari na mchele, mtoto wake akiumwa nakimbia na pesa ya dawa. Nilihesabu kwamba nampa mengi kuliko mshahara. Mshahara ni wa mtu baki, nilikuwa nasema, ndugu unampa moyo. Siku moja akaniambia, taratibu tu, tunanawa mikono, "Dada Nyamizi, nitajie bei ya siku."

Nikamwuliza, "Bei ya nini?"

"Yangu. Siku moja ya kazi ni kiasi gani."

Nilikasirika, mjukuu wangu. Nilimfokea mbele ya wanawake. "Unanipangia bei mimi? Mimi niliyelala nawe turubai moja? Kanga zote hizo ulizovaa nani kakupa?"

Akasema, "Kanga sita, dada. Nimezikunja vizuri. Ila siwezi kukata kipande nikampa mwenye nyumba."

Nikamnunia wiki nzima, halafu nikampelekea sukari, nikaona tumepatana.

Tulikuwa na kikoba chetu cha wanawake na mimi ndiye mwenyekiti. Mwaka huo Sabina akaomba kujiunga. Alitaka akope, anunue mashine ya kushonea. Kwenye kikoba mtu akiomba kuingia, mwenyekiti anamwuliza maswali mbele ya wote, ndiyo utaratibu. Akasimama. Mimi nikavaa uso wa mwenyekiti, nikamwuliza swali ambalo nilikuwa namwuliza kila mtu: "Kipato chako kwa wiki ni kiasi gani?"

Sabina akaniangalia. Hakuinamisha macho. Akasema, "Mwenyekiti, jibu la swali hilo unalo wewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapiga vigelegele kabisa. Na mimi, Kabula, mimi mwenye mdomo, nikasema neno baya. Nikasema, "Kikoba hakipokei mtu asiye na kipato cha kueleweka." Nikageukia mwombaji mwingine.

Mimi ndiye niliyekifanya kisieleweke. Mimi ndiye nilikuwa naamka asubuhi naamua leo nimpe nini. Halafu nikamkataa kwa sababu hiyo hiyo.

Jumatatu hakuja kazini. Nikasema atarudi, atakwenda wapi. Hakurudi. Alikwenda Geita mjini, akapata kazi kwa mama lishe mmoja aliyekuwa anamlipa kiasi kidogo, lakini kila jioni, kiasi kile kile. Watu waliponiambia nikasema, "Umeona? Ameacha ndugu akafuata vijisenti." Nililisema hilo kwa miaka. Siku nyingine nilikuwa nalisema nikiwa peke yangu.

Sasa unajua kwa nini siendi huko Kalangalala. Huwa nasema ni vumbi. Vumbi liko Katoro zaidi.

Baada ya maharage yako nilikwenda. Jumatatu, ulipodhani nimekwenda kliniki ya presha. Ana banda lake mwenyewe sasa, chai, chapati, supu, na cherehani iko pale pembeni, kwa hiyo aliipata bila kikoba changu. Amezeeka, amekuwa mnene, kamstari ka mvi mbele. Aliniona tangu nashuka kwenye bodaboda. Akasema, "Karibu, dada Nyamizi," kama vile niliondoka jana. Nikakaa. Akaniletea chai na chapati mbili.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Yote yalipotea. Nikamwambia, "Sabina, ile siku ya kikoba."

Akasema, "Ndiyo."

Nikasema, "Nilikosa."

Akasema, "Ulikosa kabla ya kikoba." Akaondoka kumhudumia mteja mwingine.

Nilikunywa chai mpaka ikaisha. Nikasubiri. Aliporudi nikafungua pochi, nikidhani atasema acha, dada, wewe ni mgeni wangu. Akanitajia bei. Chai moja, chapati mbili, bei kamili, hakupunguza hata shilingi. Nikalipa. Akahesabu chenji, akanipa, akasema, "Wabeja, mayu," kama anavyomshukuru mteja yeyote. Kabula, sijawahi kufurahia kulipa kitu kama nilivyofurahia ile chai. Kama amenisamehe sijui. Sikumwuliza, na wewe ukipita pale usimwulize.

Jumanne nikaenda kwenye karasha. Wale wanawake saba wanaochambua mawe sasa nikawaita. Nikawaambia, kuanzia leo siku ya kazi ina bei, iwe mawe yamesema au hayakusema. Nikataja. Nilitegemea washukuru, nisikudanganye. Nilikuwa hata nimepanga namna ya kuitikia kwa unyenyekevu.

Mama Shija, huyo huyo wa miwani ya jua, akaweka chekeche chini. Akasema, "Mama Masanja, umetaja yako. Sasa tuache na sisi tutaje yetu." Wakaenda pembeni, wote saba, wakakaa huko wananong'ona na kucheka, mimi nimebaki na kiti changu chekundu kama mshitakiwa. Wakarudi na bei yao. Nikasema, "Mnataka kuniua?" Mama Shija akasema, "Hatukuui, tunakutajia." Tumebishana mpaka jua likazama. Wamenipandisha. Wakadai na chai ya saa nne, na anayejifungua asipoteze nafasi yake, na hata kiti changu. Nimekubali vyote isipokuwa kiti, kiti kimebaki changu.

Nimewakasirikia mpaka sasa ninavyoandika. Lakini nimeona wanavyofanya kazi leo, na nimeona mmoja aliyekuwa anapiga hesabu kwenye vidole, anajua Jumamosi atakuwa na nini. Hicho ndicho ulichoniambia mkekani, kwamba wanakaa mezani na mwenye kazi wanakubaliana. Nilifikiri ni mambo ya Wazungu na meza zao. Kumbe ni Mama Shija na chekeche.

Sasa turudi kwenye karatasi zako.

Ijumaa unatia saini Dar es Salaam, moja kati ya mbili. Nilikuambia usimamizi. Nalifuta neno hilo. Silifuti ili nikulazimishe nyingine, maana ningeweza kukulazimisha, unajua ningeweza. Nalifuta ili usije ukatia saini kwa sababu yangu, kwa sababu bibi yako alitaka kupita sokoni taratibu.

Kule Denmark utakuwa wa mwisho jikoni, na baridi, na umeniambia kodi yao inakula kipande kikubwa, na maisha yenyewe ghali, na hutaniletea friji mwaka wa kwanza wala wa pili. Sawa. Lakini huyo wa mwisho, kwa maneno yako mwenyewe, hajaachwa mbali. Nimeishi nikiogopa kuwa wa mwisho, Kabula, sikuwahi kujiuliza wa mwisho yuko umbali gani na wenzake.

Kule Ghuba utakuwa juu ya ishirini. Utavaa suti. Nakujua una moyo mzuri, na hicho ndicho kinanitia hofu, maana na mimi nilikuwa na moyo mzuri, na moyo ulinifanya nisisikie. Utawaita "wadogo zangu." Utawapa sabuni na vitenge sikukuu. Na kuna siku mmoja atakuuliza bei, na wewe utakuwa huna mamlaka ya kumjibu, kwa sababu bei imepangwa na mtu usiyemjua, na utakachoweza kufanya ni kumfokea. Labda kwako haitakuwa hivyo. Kama utaichukua, nenda kaone, mimi sijafika.

Lakini kuna jambo la wale wasichana. Yule wakala wa kazi ya Ghuba alikuambia ukienda kusimamia uje na sita kutoka huku kwetu, na ulipomwuliza watalipwa kiasi gani akasema, "Wataambiwa wakifika." Uliniambia hilo ukiwa unakunja nguo, kwa sauti ya kawaida, na mimi nikaendelea kunywa uji. Wataambiwa wakifika! Kabula, hicho ni kifuta jasho kilichopanda ndege. Na mama zao wanakuja hapa kila siku na kuku na mayai, wanakushukuru kwa kitu ambacho hakijatajwa bei. Wawili kati yao mimi ndiye niliyewaahidi.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla hujashika kalamu, mwulize yule wakala bei ya siku ya wale wasichana. Mwulize kwa sauti, mbele ya watu, sauti ile unayonijibia mimi, siyo ile unayotumia kwa mapadre. Akitaja, iandikwe. Akicheka, akisema wewe shika ya kwako achana na ya wenzako, basi umeshapata jibu la karatasi zote mbili na hunihitaji.

Nakupenda kuliko nilivyowapenda watoto niliowazaa, na mama yako analijua hilo, anafanya tu kama hajui. Usilie kwenye basi, utawapa watu hadithi.

Leo asubuhi ulipotoka kwenda kusuka nimezunguka nyumba zote sita. Nimewaambia mama zao wasikate tiketi, wasiuze mbuzi wala mahindi, mpaka wasikie bei ya binti zao kutoka kinywani mwako. Wamenuna sana. Mmoja amechukua kuku wake amerudi naye. Wanasubiri simu yako Ijumaa, Kabula, na mimi nimekaa nao.

Bibi yako,
Nyamizi